Kioo Kwanza, Tarehe Baadaye

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizigawia nchi za dunia nyota, kila nchi nyota moja na sayari moja inayoizunguka, ili wananchi wachague majina. Tanzania iliita nyota yake Mpingo na sayari yake Tanzanite. Kenya ilichagua Kalausi kwa nyota na Buru kwa sayari. Majina hayo sasa ni rasmi, lakini hakuna binadamu wala chombo kilichowahi kuiona Tanzanite au Buru. Tanzanite tunaijua kwa sababu mwanga wa Mpingo hufifia kidogo kila sayari hiyo inapokatiza mbele yake. Buru tunaijua kwa sababu inaivuta Kalausi huku na huko, na mwanga wa nyota hiyo unaonyesha mvuto huo. Zote mbili ni mipira mikubwa ya gesi inayomaliza mzunguko kabla siku tatu hazijatimia, karibu na moto wa nyota kiasi kwamba hapana sababu ya kufikiria maji, sembuse viumbe. Tangu Michel Mayor na Didier Queloz watangaze mwaka 1995 sayari ya kwanza kuizunguka nyota inayofanana na jua, orodha imepita sayari 5,000, na sehemu kubwa ya orodha hiyo imepatikana kwa njia hizi mbili za kuitazama nyota na kuibashiri sayari. Njia hizo zina upendeleo. Huona upesi kilicho kikubwa na kilicho karibu na nyota yake. Sayari ya ukubwa wa dunia, iliyo mbali na nyota yake kama sisi tulivyo mbali na jua, ina nafasi moja tu kati ya 200 hivi ya kuwa imepangika sawasawa ikatize mbele ya nyota hiyo machoni petu. Majirani zetu wa angani ni wachache. Ukiwachuja kwa moja kati ya 200, hubaki na mtu.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama kuna dunia nyingine yenye hewa na maji hana budi kuiona sayari yenyewe, auchukue mwanga wake mbali na mwanga wa nyota, kisha auchanganue. Ndilo pendekezo ambalo Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani na taasisi dada zake zilitoa Novemba 2021 katika mpango wa falaki wa miaka kumi: darubini ya angani yenye kioo cha upana wa mita 6 hivi, ione mwanga wa kawaida, wa urujuanimno na sehemu ya infraredi, ichunguze sayari 25 hivi zilizo katika umbali wa wastani na nyota zao, pale ambapo maji yanaweza kubaki majimaji. Gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 11, na urushaji ukawekwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2040. NASA imeipa jina la Habitable Worlds Observatory. Wengi waliosoma pendekezo hilo walivutiwa na kioo na sayari. Mimi naona jambo lake kubwa limo katika sharti ambalo magazeti hayakulishughulikia: ujenzi usianze mpaka teknolojia zikomae, na bei ya uhakika isitajwe kabla ya hapo. Nadai katika sura hii kwamba sharti hilo ndilo kazi yenyewe, wala si urasimu wa kuchelewesha mambo, na kwamba historia ya darubini za angani, ikiwemo ile iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya, inalitetea.

Tuanze na ugumu wenyewe. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilivuka bara la Afrika kuanzia Gabon, kikapita Kongo, kaskazini mwa Uganda na eneo la Turkana nchini Kenya. Pakwach, kando ya Nile, jua lilizibwa lote kwa sekunde chache na waliokuwepo wakaiona korona, ule ukungu mweupe unaolizunguka. Juba, zaidi ya kilomita 250 kuelekea kaskazini, jua lilimegwa sehemu kubwa lakini kipande kilibaki, na korona haikuonekana. Tofauti ya miji hiyo miwili inaeleza tatizo lote. Korona ina mwanga wa takriban sehemu moja kwa milioni ya mwanga wa jua, na kipande chembamba cha jua kinatosha kuizamisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfaransa Bernard Lyot alitengeneza kifaa cha kuliziba jua ndani ya darubini bila kungoja mwezi. Kinaitwa koronagrafu, na darubini ijayo itakuwa na kifaa cha ukoo huo. Ila dunia, ukiitazama kutoka mbali, haina mwangaza wa korona. Mwanga wake ni sehemu moja kwa bilioni 10 ya mwanga wa jua. Koronagrafu ya kuitafuta dunia nyingine inatakiwa kuziba nyota mara elfu nyingi kuliko mwezi ulivyohitaji kuliziba jua pale Pakwach ili korona ijitokeze, na iizibe bila kukigusa kilicho kando yake.

Na hicho cha kando kiko karibu mno. Nyota ikiwa umbali wa miaka 33 ya nuru, pembe kati yake na sayari iliyo kama dunia yetu ni sawa na pembe kati ya taa mbili zilizoachana chini ya nusu mita, zimewekwa Nairobi, na mtazamaji yuko Juba. Taa moja ni hafifu mara bilioni 10 kuliko mwenzake. Hapa ndipo upana wa mita 6 unapotoka. Haukuchaguliwa kwa tamaa. Mwanga ni wimbi, na kioo kidogo hulitawanya wimbi hilo hadi taa mbili zinakuwa moja. Alama ya mvuke wa maji imo katika mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, na ya oksijeni iko nanomita 760. Kwa mawimbi hayo, koronagrafu nzuri iliyo nyuma ya kioo cha mita 6 inafikia ukingo wa pembe niliyoitaja. Kwa kioo cha mita 2.4 kama cha darubini ya angani ya Hubble, sayari nyingi tunazozitaka zingejificha nyuma ya kile kinachoziba nyota.

Ugumu unaofuata hauonekani kwa macho, na ndio unaozila fedha. Koronagrafu huziba nyota vizuri endapo tu mwanga unaoingia umenyooka. Kioo kikiharibika kidogo, hata kwa joto la jua lililogeuka upande, mwanga wa nyota huvuja na kuzalisha madoadoa yanayofanana kabisa na sayari. Darubini hii inahitaji mfumo wake wa vioo utulie kwa kiwango cha pikomita kumi hivi kwa saa nyingi mfululizo. Atomi ya haidrojeni ina upana wa pikomita 100 hivi. Tunazungumzia basi sehemu ya kumi ya atomi. Webb, darubini tuliyo nayo iliyo bora kuliko zote, haikuhitaji utulivu wa aina hiyo, kwa sababu kazi yake kubwa ni nyingine. Magurudumu yanayoigeuza darubini hutetemesha. Chuma hutanuka. Gundi hukauka na kusinyaa. Hata kioo kipakwe nini ni suala: dhahabu iliyopakwa kwenye vioo vya Webb hurudisha infraredi vizuri sana lakini huumeza mwanga wa urujuanimno, ambamo alama ya ozoni imo, kwa hiyo itabidi kurudi kwenye alumini na kutafuta namna ya kuilinda isichakae. Kisha mwanga wa sayari, ukishachujwa na kugawanywa rangi, unakifikia kigunduzi chembe moja moja, na kwa rangi moja inaweza kupita dakika nzima kabla chembe nyingine haijafika. Kigunduzi kinachotoa kelele yake chenyewe, hata kidogo, hakifai.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni ndoto tupu. Mwaka 2019 wahandisi wa maabara ya JPL huko California, ndani ya tangi lililotolewa hewa, walipunguza mwanga wa nyota ya bandia hadi kufikia sehemu kama 4 kwa bilioni 10. Ni karibu na lengo, ingawa walitumia kioo kizima, cha duara, kisicho na kizuizi mbele yake, na darubini halisi huenda ikawa ya vipande kama Webb. Darubini ya Roman, ambayo NASA imejiwekea Mei 2027 kuwa mwisho wa kuirusha, imebeba koronagrafu ya majaribio yenye vioo viwili vinavyojinyumbua, kila kimoja kikisukumwa kwa nyuma na visukumio 2,304 vinavyofuta madoadoa moja baada ya jingine. Agosti 2024 ofisi maalumu ya kukomaza teknolojia hizi ilifunguliwa katika kituo cha Goddard, Maryland, na mwaka huohuo kampuni tatu ziligawiwa dola milioni 17.5 za kuchunguza vioo vilivyotulia na mihimili ya kuvishikilia. Kwa mradi wa bilioni 11 hicho ni kiasi kidogo mno, na udogo wake ni sehemu ya hoja yangu: wakati wa kugundua kwamba gundi inasinyaa ni wakati kosa linagharimu maelfu, kabla halijaanza kugharimu mabilioni.

Ushahidi wa kwanza wa hoja hiyo uko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, chini ya Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio, ikiwa na setilaiti ya Marekani ya uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi, akaipa jina la Uhuru. Ikweta ilichaguliwa kwa sababu za kifizikia: mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi hapo, na setilaiti inayobaki juu ya ikweta huepuka eneo la mionzi la Atlantiki ya Kusini ambalo lingejaza vipimo kelele. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya falaki ya eksirei. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya eksirei angani, mahali ambapo awali vilijulikana makumi machache. Vipimo vyake ndivyo vilivyoifanya Cygnus X-1 kuwa mtuhumiwa mkuu wa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mafanikio hayo mara nyingi husimuliwa kama bahati ya setilaiti ndogo na ya bei nafuu. Yalikuwa matunda ya subira. Vihesabio vya eksirei vya Uhuru vilitokana na vile ambavyo kundi la Giacconi lilivirusha kwa roketi ndogo kutoka New Mexico tangu mapema miaka ya 1960. Tarehe 18 Juni 1962 roketi mojawapo, ikiwa juu ya hewa kwa dakika chache tu, ilikuta chanzo cha eksirei katika kundinyota la Nge ambacho hakuna aliyekitegemea. Kwa miaka minane vihesabio vilirushwa, vikaanguka, vikarekebishwa, vikarushwa tena. Siku setilaiti ilipoondoka Ngomeni, swali la kama vihesabio vingefanya kazi lilikuwa limeshajibiwa. Na darubini ya kukusanya eksirei kwa vioo, ambayo kundi hilo lilikuwa limeipendekeza mapema, haikulazimishwa kuingia ndani ya Uhuru. Ilisubiri zamu yake hadi setilaiti ya Einstein mwaka 1978. Kila kitu kilipanda kilipokuwa tayari.

Mwenye kupinga atanijibu kwa Webb, na jibu lake lina uzito. Katikati ya miaka ya 1990 wakubwa wa NASA waliwaza darubini ya dola milioni 500, baadaye bilioni moja, iruke mwaka 2007. Iliruka tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, kwa gharama ya takriban dola bilioni 10. Mpinzani atasema: Webb nayo ilikomaza teknolojia zake! Ni kweli. Mapema mwaka 2007 jopo la wataalamu lilithibitisha kwamba teknolojia kumi mpya za Webb, ikiwemo ngao yake ya jua na vioo vya beriliamu, zilikuwa zimefikia kiwango cha kuruhusu ujenzi, na jopo huru lililochunguza hesabu mwaka 2010 lililaumu bajeti na usimamizi kuliko uhandisi. Kama teknolojia zilikuwa tayari na gharama bado ikapaa, sharti langu linasaidia nini? Linasaidia katika mpangilio wa mambo. Kwenye Webb bei ilitangazwa kwanza, tarehe ikafuata, umbo la darubini likachaguliwa, na teknolojia zikaja kukomazwa ndani ya ahadi hizo. Kila ugumu mpya ulilipiwa kwa kusogeza kazi ya mwaka huu kwenda mwaka ujao, na kazi iliyosogezwa hurudi ikiwa ghali zaidi kwa kuwa maelfu ya watu wanaingojea huku wakilipwa. Jopo la 2010 lilipoita hilo tatizo la bajeti lilikuwa sahihi. Bajeti yenyewe ilikuwa imetungwa wakati hakuna aliyejua anachokijenga kitakuwaje.

Hubble inanilazimisha niongeze kitu. Ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kilichosuguliwa kwa ustadi mkubwa kabisa, kwa umbo lisilo sahihi: ukingo ulipungua kwa mikromita 2.2. Kifaa kilichotumika kukipima kiliunganishwa vibaya, lenzi yake ikakaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, na vipimo vingine vya kawaida vilivyoonyesha kasoro vilipuuzwa kwa kuwa kifaa kile ndicho kilichoaminiwa. Kwa hiyo kupima peke yake hakutoshi. Kipimo kinahitaji kipimo kingine kisichomtegemea mtu yuleyule wala kifaa kilekile. Wanaanga waliirekebisha Hubble Desemba 1993, wakarudi mara nne zaidi hadi 2009, na hapo wapangaji wa darubini mpya wamejifunza: inakusudiwa iweze kuhudumiwa na roboti, vifaa vyake vichomolewe na kubadilishwa, ingawa itakuwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, katika eneo la L2 ambako Webb iko. Roboti hizo nazo ni teknolojia isiyokomaa, na naona wapo wanaozihesabu kama kwamba ziko kabatini.

Kuna pingamizi lingine, la kisiasa, nalo kwangu ni gumu kuliko la Webb. Mradi unaojikomaza bila tarehe ya kurushwa ni rahisi kuuawa. Hakuna kiwanda kitakachofungwa, hakuna mbunge atakayepiga kelele. Ndivyo ilivyokuwa kwa mradi wa Terrestrial Planet Finder, babu wa darubini hii, uliowekwa kando mwaka 2006 bila tarehe ya kurejea. Webb, kinyume chake, ilinusurika. Julai 2011, katika wiki ileile Sudan Kusini ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, kamati ya Bunge la Marekani ilipendekeza Webb ifutwe. Ilipona, na sababu mojawapo ni kwamba vioo vyake vilikuwa vimeshatengenezwa. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kukata fedha za sayansi za NASA kwa karibu nusu, na mradi ulio kwenye makaratasi una kila sababu ya kuogopa. Je, si afadhali kuanza kukata chuma mapema, ili ahadi iwe ngumu kuvunjwa? Wako wahandisi wanaofikiri hivyo ingawa hawasemi kwa sauti. Lakini tazama kilichofuata baada ya 2006. Matangi ya JPL yaliyoanzishwa kwa ajili ya mradi ule hayakufungwa. Vioo vinavyojinyumbua na hesabu za kufuta madoadoa zilizokuzwa humo ndizo zilizoingia ndani ya Roman. Mradi wa teknolojia ukifutwa, hupoteza miaka. Maarifa hubaki kwa watu na kwenye maabara, na mradi mwingine huyaokota. Darubini iliyojengwa nusu ikifutwa, huacha vyuma visivyomfaa mtu. Nakubali kwamba hii ni faraja ya aliyeketi mbali na bajeti, lakini hesabu yake ni sahihi.

Wengine wanauliza kama darubini ya angani inahitajika kabisa. Huko Cerro Armazones, Chile, Ulaya inajenga darubini ya ardhini yenye kioo cha mita 39, na Webb iko kazini tayari. Darubini hiyo ya Chile itaona mengi, pengine hata sayari ya Proxima Centauri, nyota nyekundu hafifu ambayo dhidi yake sayari haionekani dhaifu sana. Ila hewa ya dunia huuvuruga mwanga kwa namna ambayo hakuna kioo kinachojinyumbua kinachoweza kuifuta hadi sehemu moja kwa bilioni 10. Webb nayo imegeuzwa kuelekea TRAPPIST-1, nyota nyekundu iliyo umbali wa miaka 40 ya nuru yenye sayari saba za mwamba, na mwaka 2023 ikaonyesha kwamba ile iliyo ndani kabisa haina hewa nzito ya kutajika. Nyota nyekundu hulipuka mara kwa mara na huenda huzipangusa sayari zake hewa. Ikiwa tunataka kujua habari za nyota za aina ya jua letu, ambako tuna mfano mmoja wa uhai ulio hakika, hapana njia ya mkato.

Na hizo nyota za aina ya jua si za kufikirika. Mwaka 2023 Eric Mamajek na Karl Stapelfeldt waliikusanyia NASA orodha ya nyota 164 zinazofaa kuchunguzwa kwanza, nyingi zikiwa zinaonekana kwa macho matupu. Mtaa wa Lemon Gaba, hapo Juba, uko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, na kutoka latitudo hiyo ni duara dogo tu la anga, lile linaloizunguka ncha ya kusini, lisilochomoza kamwe. Karibu zote zilizomo kwenye orodha hupita juu ya mabati ya mtaa huo katika majira yake, jambo ambalo mkazi wa London au Cape Town hawezi kulisema. Katikati ya Desemba, kiangazi kikiwa kimeshika na anga limekauka, yapata saa mbili usiku Tau Ceti huwa juu, imeelemea kidogo kusini. Iko umbali wa miaka 12 ya nuru. Epsilon Eridani, miaka 10 na nusu ya nuru, huifuata kutoka mashariki. Alpha Centauri, jirani wa karibu kuliko wote, hujitokeza upande wa kusini miezi inayofuata. Mwanafunzi wa hapo anaweza kuzinyoshea kidole nyota ambazo mabilioni ya dola yatatumika kuzichunguza, bila kuwa na kifaa chochote.

Je, mwanga ukipatikana, utatuambia kweli kuna uhai? Hapa wapinzani wana haki ya kudai tahadhari. Oksijeni inaweza kuzalishwa bila kiumbe, kwa mfano mionzi ya nyota inapovunja maji na haidrojeni ikatorokea angani. Tena dunia yetu ilikuwa na viumbe kwa zaidi ya miaka bilioni moja kabla oksijeni haijajaa hewani, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, na mtazamaji wa mbali angeipita akidhani ni tupu. Ndiyo maana James Lovelock alishauri tangu miaka ya 1960 kutafuta gesi zisizopaswa kukaa pamoja. Oksijeni na methani hulana. Zikikutwa hewani zote mbili, kuna kitu kinazizalisha kila siku. Wazo hilo limejaribiwa. Desemba 1990 chombo cha Galileo kilipokuwa kikipita kando ya dunia kuelekea Mshtarii, Carl Sagan na wenzake walikitumia kuipima dunia kama ngeni, na walichapisha mwaka 1993 kwamba oksijeni na methani zilionekana pamoja. Kuhusu idadi ya sayari 25, hesabu yake ni hii: ikiwa sayari moja kati ya kila kumi za aina hiyo ina uhai unaoacha alama hewani, uwezekano wa kuchunguza 25 na kukosa zote ni asilimia 7 hivi. Jibu la hapana litakuwa na maana, si kukata tamaa tu. Lakini hoja hiyo inasimama ikiwa darubini itaziona kweli sayari 25, na ikiwa madoadoa ya koronagrafu hayatahesabiwa kuwa sayari. Tunarudi kwenye pikomita.

Msomaji wa Juba anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini, na singependa kumjibu kwa ahadi za vifaa vitakavyodondoka kutoka angani kuja jikoni. Fedha hizi ni za walipa kodi wa Marekani. Mradi ukifutwa kesho, hazitajenga barabara ya Gudele. Swali lenye faida ni nani atashiriki. Mwaka 1970 Kenya ilitoa bahari na jina. Vipimo vya Uhuru vilichambuliwa Cambridge, Massachusetts. Darubini mpya haihitaji bahari yetu, na hapo tumepoteza nguvu ya kudai tuliyokuwa nayo Ngomeni. Ila data za Hubble na Webb huwekwa katika hifadhi ya wazi, nyingi baada ya muda usiozidi mwaka mmoja, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila kulipa. Miaka mingi ya ukomazaji inayowakera wenye haraka inampa nafasi mtoto anayeanza darasa la kwanza leo: darubini ikirushwa katikati ya miaka ya 2040, atakuwa na umri wa kutetea tasnifu. Kinachoamua kama atakuwa anatetea moja itokanayo na mwanga wa Tau Ceti ni umeme, bando na walimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Juba, mambo yaliyo mikononi mwetu, na ambayo nayo hayajengwi kwa kutangaza tarehe.

Jibu kubwa la kwanza litatoka kwa Roman. Koronagrafu yake imetengewa siku 90 hivi za majaribio ndani ya miezi 18 ya mwanzo, ikilazimika kufikia sehemu moja kwa milioni 10 na ikitumainiwa kufika mbali zaidi. Visukumio vikishika angani kama vilivyoshika kwenye tangi, njia ya koronagrafu itakuwa imethibitika na kitakachobaki ni ukubwa na utulivu wa kioo. Vikishindwa, wazo jingine litarudi mezani: mwavuli wa upana wa mita 52, wenye umbo la ua, uruke peke yake makumi ya maelfu ya kilomita mbele ya darubini na kuiziba nyota kabla mwanga haujaingia. Mwavuli huo hausumbuliwi na pikomita, lakini ukitaka kugeukia nyota nyingine inabidi usafiri kwa siku au wiki, na mafuta yake huisha. Ni uchaguzi ambao hadi hapo hakuna anayepaswa kuufanya, na mhasibu atakayeulizwa gharama ya darubini kabla ya hapo anayo haki ya kukataa kujibu.